NENO LA SIRI SI MALI YA KATIBU

Ndugu Wanachama,

Mkutano Mkuu wa mwaka huu umekaribia, na kabla hatujakaa pamoja twaona yatupasa kuweka mbele yenu jambo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, tena la vijana wa kompyuta peke yao. Sisi tumelipima, tukalirudia kulipima, tukaona kuwa uzito wake ni sawa na uzito wa ufunguo wa ghala. Jambo lenyewe ni neno la siri, au nywila kama wasemavyo wengine, la msimamizi mkuu wa tovuti ya chama. Twauliza: neno hili likipotea, nani atalirudisha? Na kabla ya hilo twauliza: neno hili ni la nani?

Hatukuanza kuuliza maswali haya kwa akili zetu wenyewe. Tumefunzwa na wenzetu wa bara, na kwa kuwa elimu yao waliinunua kwa bei kubwa, si haki sisi tuipate bure kisha tuiache ipotee.

Baadhi yenu mwakumbuka kuwa mwaka 2019 wajumbe wetu walikwenda Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kwenye maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yaliyofanywa katika viwanja vya Nyakabindi. Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, nao una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Tulivuka bahari, tukapanda basi mpaka Mwanza, na kutoka Mwanza tukapita Magu na Lamadi, tukaingia Bariadi vumbi limetukaa mpaka kwenye nyusi. Wenyeji walitupokea kwa “Mwangaluka” na kwa ugali usiokwisha. Tulipofungua vikapu vyetu vya karafuu walinusa, wakacheka, wakauliza kama nazo huanikwa juani. Nasi tukauliza khabari za pamba. Haukupita muda tukajua kuwa tu ndugu wa mkasa mmoja, kwani pamba kwao ni kama karafuu kwetu: ndiyo ada ya skuli, ndiyo bati la nyumba, ndiyo dawa ya mgonjwa.

Katika safari ile tulijuana na katibu wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa pamba, katika kijiji kisicho mbali na mji wa Bariadi. Jina la chama hatulitaji, wala la bwana huyo, kwa kuwa hatuandiki haya kumuaibisha mtu. Alikuwa mtu mwaminifu na mwepesi wa kazi. Yeye ndiye aliyekifanyia chama chake tovuti. Mbele ya pazia ilitangaza bei na siku za kununua. Nyuma ya pazia, mahali anapoingia msimamizi tu, lilikuwamo daftari la wanachama: fulani kapewa mbegu kiasi gani, dawa ya wadudu kiasi gani, kakatwa kiasi gani, kabakiwa na nini. Kwani desturi ya huko ni kuwa mkulima hupewa mbegu na dawa kwanza, kisha hukatwa anapouza. Chama kilikuwa hakijaidhinisha fedha za kazi hiyo, basi bwana huyu akalipa kwa mfuko wake, akajiandikisha kwa jina lake, kwa barua pepe yake, na kwa namba ya simu yake. Kila mtu akamshukuru. Hata sisi tulirudi Pemba tukamsifu, tukafanya kama alivyofanya yeye.

Mwaka jana, katika mwezi wa Machi, bwana huyo alikufa kwa ajali ya pikipiki akirudi nyumbani. Mungu amrehemu.

Baada ya matanga, msimu wa kununua pamba ukawa mlangoni, na kamati ikataka daftari. Hapo ndipo ilipojulikana kuwa daftari lilikuwa limefungwa na ufunguo umezikwa. Vijana wakajaribu jina la mtoto wake, wakajaribu mwaka wake wa kuzaliwa, wakajaribu jina la ng'ombe wake, mlango haukufunguka. Wakataka kupitia barua pepe. Barua pepe ikataka tarakimu zinazotumwa kwenye simu. Wakaichukua simu, simu ilikuwa imefungwa kwa namba, na walipokosea mara nyingi ikajifunga zaidi. Wakafikiri kutafuta laini nyingine yenye namba ileile. Lakini laini ilikuwa imesajiliwa kwa alama ya kidole chake, kama ilivyo sheria ya nchi yetu, na kidole kile kilikuwa kimekwisha rejea udongoni.

Tungependa kusema kuwa khasara iliishia hapo. Lakini mambo ya watu hayaishii kwenye mashine. Wakulima walianza kunong'ona. Mmoja akasema, “Aliyafunga makusudi.” Wa pili akasema, “Amekula fedha za dawa, ndiyo sababu hapatikani pa kuangalia.” Mama mmoja mkongwe akadaiwa deni ambalo yeye alishikilia kuwa amekwisha lilipa, na risiti yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Mjane wa marehemu, ambaye hakujua hata tovuti ni kitu gani, alitupiwa maneno kisimani. Maiti hawezi kujitetea; na mtu aliyeshika ufunguo peke yake, akifa, huacha nyuma yake mashtaka yasiyokuwa na shahidi hata mmoja.

Majuma saba yalipita kwa hali hiyo. Mwishowe mlango ulifunguliwa, na tutaeleza namna ulivyofunguliwa. Daftari lilikutwa zima. Mama mkongwe alikuwa amelipa kweli. Hesabu ya marehemu haikupungua hata shilingi moja. Mwenyekiti wa chama kile alitupigia simu siku hiyo, na sauti yake haikuwa ya furaha. Alisema, “Tumempata safi, lakini tumekwisha mchafua.”

Sasa tueleze jambo hili linavyokwenda, maana wengi tumelichukua kinyume.

Mtu akisahau neno lake la siri hudhani kuwa neno hilo limeandikwa mahali fulani ndani ya mashine, na kwamba fundi hodari ataweza kulisoma na kumtajia. Sivyo. Tovuti iliyotengenezwa vizuri haiweki neno lenyewe. Hulisaga kwa hesabu maalumu, ikaweka kile kilichosagwa tu. Sisi watu wa karafuu hatuhitaji mfano wa mbali. Makonyo yakiingia katika mtambo hutoka mafuta, na hapana fundi duniani awezaye kuyarudisha mafuta yakawa makonyo. Neno la siri nalo ni hivyo hivyo. Kila unapotaka kuingia, mashine hulisaga neno ulilolitaja, ikalinganisha na lile lililosagwa mwanzo. Yakiwa sawa, mlango hufunguka. Kwa hiyo hata kampuni inayohifadhi tovuti haiwezi kukwambia neno lako lilikuwa nini. Mtu akikujia na kusema, “Nipe fedha, nikutajie neno la zamani,” mjue huyo ni mwongo au ni mwizi.

Basi kurudisha neno lililopotea si kulipata lile la zamani. Ni kuweka jipya. Na ili uweke jipya, sharti uthibitishe kuwa wewe ndiye mwenyewe. Hapa ndipo penye shina la maneno yetu yote: swali lililoonekana kuwa la ufundi hugeuka likawa swali la umiliki. Mashine haikuulizi unakumbuka nini. Yakuuliza wewe ni nani.

Milango ya kupitia ni minne. Mlango wa kwanza ni barua pepe: unabonyeza pale palipoandikwa kuwa umesahau, na mashine inatuma barua yenye njia ya kuweka neno jipya. Mlango huu ni mwepesi kuliko yote, lakini hufunguka kwa yule tu mwenye barua pepe iliyoandikishwa. Mlango wa pili ni msimamizi mwenzako: akiwapo mtu mwingine mwenye cheo kile kile ndani ya tovuti, yeye huingia kwa neno lake na kukuwekea wewe neno jipya, kazi ya dakika tano. Mlango wa tatu ni kupitia kule tovuti inakohifadhiwa: mwenye akaunti ya kampuni ile huweza kuingia mpaka kwenye hazina yenye majina ya watumiaji, akaliondoa lile lililosagwa zamani na kuweka jingine. Hii ni kazi ya fundi, na kabla ya kugusa kitu sharti achukue nakala ya kila kilichomo, maana akikosea khasara itakuwa mara mbili. Mlango wa nne ni karatasi: kuiandikia kampuni na kuthibitisha kwa hati kuwa mali ni ya chama.

Wenzetu wa Bariadi walikuta mlango wa kwanza umefungwa na simu ya marehemu. Mlango wa pili haukuwapo, kwani msimamizi alikuwa mmoja. Wa tatu ulikuwa katika jina la marehemu vile vile. Ukabaki wa nne. Ikawabidi waite mkutano wa dharura, waandike kumbukumbu, watie saini, waambatanishe hati ya kusajiliwa kwa chama, cheti cha kifo, barua ya afisa ushirika na ridhaa ya mjane. Kampuni ikauliza, ikajibiwa; ikauliza tena, ikajibiwa tena. Na kampuni ile hatuilaumu. Kama ingefungua mlango kwa kila mwenye kupiga simu na kusema, “Mimi ni mwenyekiti,” ingekuwa imewafungulia wezi.

Maana hapa pana khatari ya pili ambayo yataka tuiangalie. Njia ya mwenyewe kurudi ndani ndiyo njia hiyo hiyo apendayo mwizi kupitia. Nani kati yetu hajapata kuletewa ujumbe wa simu usemao, “Ile pesa itume kwenye namba hii”? Na nani hajapigiwa na mtu mwenye sauti ya upole, akijifanya ni wa kampuni ya simu, akitaka utajiwe tarakimu zilizoingia sasa hivi? Tarakimu zile ndizo ufunguo wa kuweka neno jipya. Mwenye kuzitaja kwa simu amekwisha toa ufunguo wa ghala dirishani.

Wala mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya mashamba yetu tu. Huko Kanada kulikuwa na kampuni iliyoitwa QuadrigaCX, ikishika fedha za kidijitali za maelfu ya watu. Mwanzilishi wake, Gerald Cotten, alifia India mwezi wa Desemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 wateja wakaambiwa kuwa kiasi cha dola milioni 190 za Kanada zimefungika, kwa kuwa marehemu peke yake ndiye aliyejua maneno ya siri. Wakaguzi walipochungua walikuta mahali palipodhaniwa kuwa na akiba hapana kitu, na mwaka 2020 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Ontario wakatoa taarifa kuwa kulikuwa na udanganyifu tangu marehemu yu hai. Angalieni basi tafauti ya watu wawili. Wa Kanada alikuwa mdanganyifu, wa Bariadi alikuwa mwaminifu. Lakini kwa majuma saba wakulima hawakuwa na njia ya kuwatafautisha. Ufunguo unapokaa kwa mtu mmoja, khiyana na uaminifu huvaa kanzu moja.

Na ajabu ni kuwa Usukuma ndio uliokuwa na jibu la jambo hili tangu zamani. Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa pamba wa huko walikuwa wakilalamika kuwa mizani za wanunuzi zawapunja. Hawakuishia kulalamika. Waliajiri wapimaji wao wenyewe wakakaa kwenye vituo vya ununuzi, pamba ikapimwa mbele ya macho mawili. Katika harakati zile ndimo alimoinukia marehemu Paul Bomani, vyama vya ushirika vikaenea, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Yote yalianza na fikra moja nyepesi: kipimo kisijulikane na upande mmoja tu.

Hata hapa visiwani wazee wetu walijifunza hilo. Clove Growers' Association ilianzishwa mwaka 1927. Mwaka 1937 ikapewa kwa sheria mamlaka juu ya ununuzi na usafirishaji wa karafuu, na mgogoro uliofuata na wafanyabiashara, pamoja na kususiwa kwa karafuu, haukutulia mpaka 1938. Sisi hatuingii leo katika nani alikuwa na haki. Twasema tu kwamba tangu siku zile imejulikana kuwa mwenye kushika mizani na daftari ndiye mwenye kushika zao. Leo mizani ni ile ile, lakini daftari limehamia ndani ya mashine, na ufunguo wake ni neno.

Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi yafaa tuongeze: na daftari bila ufunguo ni sawa na kutokuwa na daftari.

Sasa, ndugu wanachama, tuseme lile ambalo ni zito kwetu kulisema. Neno la siri la tovuti ya chama chetu, siku hii tuandikapo, limo katika kichwa kimoja tu, na kichwa hicho ni cha huyu anayeandika makala haya. Barua pepe iliyoandikishwa ni ya kwetu binafsi. Namba ya simu ni ya kwetu. Tulifanya hivyo kwa nia njema, kama alivyofanya ndugu yetu wa Bariadi, na hapana mtu aliyetuuliza. Boti ya kwenda Unguja ikituzamisha kesho, nanyi mtakaa kwenye baraza la chama mkijaribu majina ya watoto wetu. Kisha, Mungu apishe mbali, wataanza wale wa kunong'ona.

Wapo waliotwambia tusiyaandike haya, kwani tutawatia watu wasiwasi. Wapo waliosema, “Siri ya wawili si siri; ukiwapa watu watatu neno, kesho litakuwa sokoni Chake Chake.” Maneno haya yana haki yake, nasi hatuyadharau. Lakini jibu lake ni kuwa hatusemi neno moja ligawiwe watu watatu. Twasema wawepo wasimamizi watatu, kila mmoja kwa jina lake na kwa neno lake mwenyewe, ambalo hamtajii mwenzake. Hivyo mmoja akisahau, mwingine atamfungulia; na mmoja akifanya jambo, itajulikana ni nani, kwa kuwa mashine huandika jina la aliyeingia. Neno moja likitumiwa na watatu, kila mmoja huweza kusema si mimi. Majina matatu hayana pa kujificha.

Wengine wamesema, “Sisi tunamwamini katibu, ya nini yote haya?” Twashukuru kwa imani hiyo, lakini hatuitaki iwe mzigo wa kutuangusha. Tuliokwenda chuoni twajua kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu yaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo, na haikusema kuwa amri hiyo ni kwa wasioaminiana tu. Kuandikiana na kushuhudiana si tusi kwa mwaminifu. Ni ngao yake. Kama ndugu yetu wa Bariadi angekuwa na mwenzake mmoja tu mwenye kuingia mle ndani, mjane wake angeteka maji kwa amani.

Na wapo watakaosema kuwa dawa ni kurudi kwenye vitabu vya karatasi. Sisi hatupingi karatasi, na mtaona tumeiweka katika mapendekezo yetu. Lakini mchwa wa Bariadi na unyevu wa Pemba ni ndugu. Karatasi peke yake tumeiona ikioza kabatini. Mashine peke yake tumeiona ikifungika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo twapendekeza Mkutano Mkuu ujadili na, ukiridhika, upitishe haya yafuatayo:

Kwanza, tovuti, jina lake, na akaunti ya kampuni inayoihifadhi viandikishwe kwa jina la chama, si kwa jina la mtu, na malipo yake yatoke katika mfuko wa chama, risiti ziwekwe. Katibu asiruhusiwe kulipa kwa mfuko wake hata kwa wema, maana wema huo ndio uliozaa balaa la Bariadi.

Pili, chama kiwe na barua pepe yake na namba yake ya simu, iliyosajiliwa kwa jina la chama, na simu yake ikae afisini. Namba hiyo isiachwe bila kutumika, kwani namba iliyolala muda mrefu huweza kuchukuliwa na kampuni ya simu na kupewa mtu mwingine, na mtu huyo akawa anapokea tarakimu zetu.

Tatu, wawepo wasimamizi watatu: mwenyekiti, katibu na mshika fedha, kila mmoja kwa neno lake.

Nne, iwepo akaunti moja ya akiba isiyotumiwa siku zote. Neno lake liandikwe kwenye karatasi, litiwe katika bahasha, saini za watu wawili zipite juu ya kifungo cha bahasha, na bahasha iwekwe katika kasha la chama lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti na mwingine kwa mshika fedha. Bahasha ikifunguliwa, iandikwe siku, saa na sababu, na neno jipya litiwe mahali pake.

Tano, kila mwisho wa mwezi daftari la wanachama litolewe kwenye mashine na kupigwa chapa, na nakala moja iwekwe nje ya afisi, mahali penye kukauka.

Sita, mtu akitoka katika uongozi, kwa kustaafu, kwa kuhama au kwa kushindwa uchaguzi, akabidhi siku ile ile na aondolewe jina lake katika mashine siku ile ile, kwa saini, kama anavyokabidhi funguo za ghala. Hili lifanywe kwa mpendwa na kwa asiyependwa, ili lisiwe na uchungu kwa yeyote.

Saba, mara moja kila mwaka, kabla ya uchumaji kuanza, tujifanye tumesahau. Mmoja wa wasimamizi avuliwe neno lake mbele ya kamati, na tuangalie kama milango yetu yafunguka kweli. Mvuvi hangojei dhoruba ndipo akajua tanga lake limetoboka.

Mtaona kuwa hapana hata moja kati ya haya linalohitaji fedha nyingi. Bahasha ni bei ya kikombe cha kahawa. Kufuli la pili ni bei ya mizigo michache ya kuni. Kinachohitajika zaidi ni radhi: radhi ya viongozi kukubali kutazamwa, na radhi ya wanachama kuchukua taabu ya kutazama. Twasema hilo la pili kwa makusudi. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini mtungi wetu huu ni wa wengi, na kila mwanachama ana haki ya kuuliza kata imewekwa wapi. Katika mikutano mitatu iliyopita hapana mwanachama aliyeuliza nani anashika tovuti. Mliuliza bei, mliuliza magunia, mliuliza posho ya kamati, na mlifanya vyema. Safari hii ulizeni na hili.

Tunaambiwa kuwa chama kile cha Bariadi sasa kina wasimamizi watatu, na mmoja wao ni kijana wa kike aliyemaliza skuli mwaka juzi, ambaye hupiga chapa daftari kila mwezi na kulibandika ubaoni ili kila mtu ajisomee jina lake. Mama mkongwe tuliyemtaja, ambaye hajui kusoma, huja na mjukuu wake akamsomea. Mwenyekiti alitwambia kuwa la kwanza waliloandika katika kitabu cha mkutano, baada ya daftari kupatikana, halikuwa juu ya mashine. Waliandika kuwa chama kimemuomba radhi mjane wa marehemu, wakakipeleka kitabu nyumbani kwake asomewe.

Sisi hatutaki chama chetu kije kuandika maneno kama hayo kwa mjane yeyote. Bahasha tumekwisha inunua. Tumeiweka juu ya meza ya afisi, tupu na wazi, na hatukuandika kitu ndani yake, kwa sababu saini za juu yake si zetu peke yetu. Yangojea nyinyi.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama